Form Six Umemaliza: Chuo au Jeshi?

Steshenari yangu iko Mafinga, mji wenye kambi ya JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kila msimu wa mafunzo nawaona kuruti wakishuka kwenye mabasi na mabegi yao, na wakimaliza, wapo wanaopita kwangu kuuliza: dada, niende chuo au nibaki jeshini? Na mimi nauliza: jeshi lipi? Maana JKT unaingia kwa njia mbili, kwa mujibu wa sheria au kwa kujitolea.

Mafunzo ya mujibu wa sheria, yale ya lazima kwa wanaomaliza form six, hayagombani na chuo. Yalisitishwa 1994, yakarudi 2013, na siku hizi ni ya miezi michache tu baada ya mtihani. Jina lako likitoka, nenda. Ukija kuomba kazi JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, matangazo huuliza cheti cha JKT. Beba kilichoandikwa kwenye tangazo, bukta, raba, shuka na nauli ya kurudi, na ukipangiwa huku kwetu ongeza sweta nzito. Julai ya Mafinga haina utani.

Cha kuumiza kichwa ni kujitolea. Huo ni mkataba wa miaka miwili, maombi yanapitia ofisi za mkoa na wilaya, na JKT wenyewe husema wazi kwenye matangazo yao kwamba hawatoi ajira wala hawakutafutii. Unafundishwa ulinzi, kilimo, ufundi, ukitoka ujiajiri. Kwa hiyo jiulize: nisipoitwa JWTZ, hiyo miaka miwili itakuwa imenipa nini? Kama jibu ni useremala au ufugaji unaoutaka kweli, nenda kwa moyo mweupe. Kama jibu ni kimya, na matokeo yako yanakuruhusu kuingia chuo, mimi ningekwenda chuo. Jeshi huajiri wenye stashahada na shahada pia, na kikomo chao cha umri huwa juu kidogo kuliko cha form four na form six.

Wazazi wengi wanalikimbilia jeshi kwa sababu ya ada. Pigeni kwanza hesabu ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Ni deni, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara, lakini mtoto anasoma.

Hapa kwenye mkopo ndipo wengi wanakwama, maana matokeo na dirisha la udahili huja Julai, kijana yuko kambini anacheza kwata. Kabla hujaondoka, hakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi, toa kopi za vyeti vyote, na muachie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini namba ya mtihani na nywila zako. Halafu soma majina herufi kwa herufi. Kuna mama alikuja kaunta na cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Jofrey, cha form four Geofrey. Mtoto yuko porini, simu haipatikani, mama anahangaika na wakili huku dirisha la mkopo likielekea kufungwa. Kosa la herufi mbili tatu hilo.

Ukichagua chuo na bado unaitamani kombati, tunza mwili na subira: matangazo ya JWTZ hutaka mwombaji asiye na tatuu, ambaye hajaoa wala kuolewa. Mwaka wa kwanza chuoni una vishawishi vya vyote viwili.