Kuhesabu Ndege wa Bustanini Wakati wa Baridi

Nchini Uingereza, tangu mwaka 1979, RSPB, shirika la kuhifadhi ndege, huwaalika watu kila mwisho wa Januari kukaa saa moja wakihesabu ndege wa bustanini, na kazi hiyo aweza kuifanya hata mtu asiye na kitu ila dirisha, kalamu na daftari.

Matayarisho yaanze siku kadhaa kabla, kwa kuwa ndege huchukua muda kuzoea mahali papya pa chakula. Tundika mbegu za alizeti na karanga zisizo na chumvi karibu na kichaka wanachoweza kukimbilia anapotokea paka, na weka sahani ya maji isiyo na kina, ukivunja barafu kila asubuhi. Safisha vyombo hivyo mara kwa mara, kwani uchafu huwaambukiza ndege maradhi. Jambo hili ni rahisi kulipuuza, nami naliona ndilo kubwa kuliko yote.

Siku yenyewe, keti ndani, mbali kidogo na kioo, utulie. Andika ndege waliotua tu, si wanaopita angani, na kwa kila aina chukua idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa mara moja: wakija shomoro wanne, kisha baadaye sita, andika sita, usijumlishe kumi, maana huenda ni wale wale. Robini utamtambua kwa kifua chake cha rangi ya chungwa lililoiva. Penye baridi kali hututumua manyoya hadi akaonekana mviringo kama ndimu, kwa kuwa hewa iliyonaswa humo ndiyo inayomhifadhia joto.