Kumrudishia mwenyewe: namna ya kulipa ulichochukua ukiwa hujaokoka (au ukiwa umeokoka tayari)

Mtu anaokoka, anaanza kutoa zaka, anafunga siku tatu, anajitolea kufagia kanisa. Lakini kiwanja alichosogeza bikoni, yaani jiwe la mpaka, kwa hatua nne bado kiko vilevile, na jirani anapita hapo kila asubuhi. Mfalme Sauli alifanya jambo la namna hiyo. Alibakiza kondoo na ng'ombe wazuri wa Waamaleki, akasema ni wa kumtolea Mungu dhabihu. Nabii Samweli akamjibu kwamba kutii ni bora kuliko dhabihu (1 Samweli 15:22). Cha mtu hakigeuki kuwa sadaka yako kwa kupitishwa kwenye kapu la kanisa.

Wazee wa uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940, walilijua hili. Mtu akitubu, watu walitazama kama amerudisha vya watu: jembe, shuka la hospitali, fedha ya mwajiri. Yafuatayo ni namna ya kulifanya jambo hilo leo bila kuharibu kingine.

Anza na daftari, peke yako, baada ya maombi. Chora safu nne: nani, nini, mwaka gani, thamani. Usiandike "nimewaibia watu wengi", maana sentensi hiyo hailipiki. Andika "mifuko 10 ya saruji, mwenye nyumba, 2015". Pitia kazi zote ulizowahi kufanya, kisha madeni uliyoyanyamazia, mirathi, mipaka, fedha za kikundi ulipokuwa mweka hazina, na mshahara wa dada wa kazi uliyemfukuza kabla ya mwisho wa mwezi. Huo mshahara wengi huusahau, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Jipe wiki mbili. Mengine hukumbukwa usiku.

Sasa hesabu. Torati inatofautisha aliyekamatwa na aliyekuja mwenyewe. Mwizi wa ng'ombe aliyemchinja au kumuuza analipa 5 kwa 1, na kondoo 4 kwa 1. Mnyama akikutwa hai mkononi mwake analipa wawili (Kutoka 22:1-4). Lakini anayeungama anarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano (Hesabu 5:7). Zakayo mtoza ushuru alikuja mwenyewe, hakuna aliyemkamata, naye akajipimia mara nne (Luka 19:8). Hatuko chini ya torati hata tubanwe na tarakimu, ila sehemu ya tano ni kipimo kizuri cha kuanzia, kwa sababu mwenye mali alikosa faida yake miaka yote hiyo.

Tumia bei ya leo. Kama mfuko wa saruji dukani ni shilingi 17,000, mifuko 10 ni 170,000. Sehemu ya tano ni 34,000. Jumla 204,000. Ukilipa kwa bei ya mwaka ulioiba, umerudisha pungufu na unajua. Kitu kama bado kipo, rudisha chenyewe. Mpaka wa shamba hauna sehemu ya tano ya haraka: rudisha bikoni mahali pake mbele ya jirani na mjumbe, na kama ulivuna hapo, zungumzeni juu ya mavuno.

Kabla hujatoa shilingi, keti na mwenzi wako. Wako wanaolipa kwa ada ya watoto bila kusema nyumbani, na wokovu ukaingia nyumba hiyo kama ugomvi. Gharama iwe yako: uza pikipiki, acha bia kama bado zipo, punguza matumizi yako mwenyewe. Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu, akanunua uwanja na ng'ombe kwa shekeli 50 za fedha (2 Samweli 24:24). Usikope kausha damu, yaani mikopo ya riba kubwa ya mtaani, ili kulipa. Utakuwa umehamisha deni tu. Kama 204,000 haipatikani, nenda na 34,000 ya kwanza, sema utaleta kiasi hicho kila mwezi hadi itimie miezi 6 ukihesabu na huu, na utaje tarehe. Kusubiri hadi zitimie zote ndiko kunakoua nia. Anza na dogo kuliko yote kwenye daftari, ndani ya wiki hii.

Kwenda kwenyewe: nenda mchana, usiende siku ya msiba wala harusi ya mwenyeji. Kama ni mtu wa kuogopwa, au ni mwanamke nawe ni mwanamume, mchukue mzee wa kanisa mmoja anayejua kunyamaza. Sema kwa ufupi, kwa mfano: "Shikamoo mzee. Nilipokuwa msimamizi wa ujenzi wako mwaka 2015 nilichukua mifuko 10 ya saruji nikaiuza. Nimekosa mbele za Mungu na mbele yako. Hii ni shilingi 204,000, bei ya leo na nyongeza yake. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi huharibu, wanaongeza "unajua hali ilikuwa ngumu" au "hata fulani alichukua". Maneno ya kwanza yanaomba huruma badala ya msamaha, na ya pili yanaungama dhambi ya mtu mwingine. Wenzako ulioshirikiana nao wataje kwa Mungu.

Anaweza kukufukuza, au akatangaza mtaa mzima. Usijitetee. Hela ni yake hata asiposamehe. Akikataa kupokea akasema "nimekusamehe, kaa nazo", mwombe mara ya pili azipokee. Akishikilia, huo ni uamuzi wake.

Kutuma kwa simu bila kusema ni za nini kunarudisha fedha tu, maungamo yanabaki. Hata hivyo akiwa mbali, mpigie kwanza, ndipo utume.

Ungamo liwe na upana wa dhambi. Uliyemwibia mtu mmoja, mwendee huyo. Uliyekula fedha ya kikundi, simama mbele ya kikundi. Kusimama ibadani na kueleza uzinzi kwa majina kunavunja nyumba ambazo hazikujua lolote, na si utii. Jambo hilo lipeleke kwa mchungaji kwanza. Kosa linaloweza kuwa jinai kubwa, kama hati za kughushi au fedha za mwajiri, muone wakili kabla ya kuandika barua. Si kwa ajili ya kukwepa. Ni ili usaini ukijua unachosaini, na familia ijue kinachoweza kufuata. Kodi uliyoficha nenda ofisi ya mapato, wakukadirie, upewe kumbukumbu namba (namba ya malipo), ulipe benki au kwa simu. Usimpe afisa mkononi.

Aliyefariki ana warithi: lipa kwa msimamizi wa mirathi au kwa watoto wote wakiwa pamoja, usimpe mmoja kimyakimya. Asipopatikana mtu kabisa baada ya kutafuta kwa dhati, Hesabu 5:8 inaelekeza malipo yawe ya Bwana kupitia kuhani. Hapo, na hapo tu, ndipo fedha hiyo inaweza kwenda kanisani. Mpe mchungaji ukimweleza ni ya nini, na aiandike kwenye kitabu cha mapato mbali na zaka zako.

Kila malipo yaandikiwe karatasi yenye tarehe, kiasi na sahihi mbili. Nakala moja abaki nayo uliyemlipa.