SOMO: Kutia rangi skafu za hariri kwa shibori, ile ya mistari ya mvua (soma mpaka chini kabla hujauliza)

Salaam wote. Wiki hii peke yake nimepata meseji zaidi ya kumi za "dada nielekeze ile ya mistari", na kila mtu namwandikia upya usiku watoto wakishalala, nimechoka, naruka kitu kimoja, mtu anaharibu kitambaa chake cha pesa alafu moyo unaniuma mimi. Kwa hiyo naandika hapa mara moja na kila atakayeuliza nitamtuma hapa.

Shibori imetoka Japani, neno lenyewe linatokana na kukamua, kubana. Unafunga kitambaa, unakunja, unashona au unabana na vibao, ili rangi isifike kila mahali. Mji wa Arimatsu, ambao leo uko ndani ya jiji la Nagoya, wanafanya kazi hii tangu 1608, walianza na vitaulo vya kuwauzia wasafiri wa barabara ya Tokaido. Huu mtindo wa leo unaitwa arashi, maana yake dhoruba, kwa sababu mistari inalala upande kama mvua iliyosukumwa na upepo. Sisi wa Jinja, Uganda, tunaoona mvua ya mwezi wa nne ikitoka ziwani, hilo jina halihitaji maelezo.

Kwanza hakikisha ni hariri. Hapa watu wengi wanapigwa, mitumbani kila kinachong'aa wanakiita silki. Chomoa nyuzi mbili tatu, ziwashe. Hariri inaungua polepole, inanuka kama nywele iliyoungua, na jivu linasagika kwenye vidole. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Mimi kwenye soko la Owino, Kampala, napata blauzi nyeupe za hariri na sari kuukuu, nazikata skafu, pindo nashona kwa mkono.

Rangi: tafuta rangi ya asidi, ile ya sufu na hariri. Sio ya batiki wala ya mikeka. Ya mikeka inashika haraka na inang'aa vizuri sana siku ya kwanza, ikikutana na jua inapauka, na ikiloa inachafua shingo ya mteja.

Hatua ya 1. Fua kitambaa na sabuni laini, suuza.

Hatua ya 2. Koroga rangi gramu 10 kwenye lita 1 ya maji moto, weka kwenye chupa, andika jina. Skafu nyepesi ya sentimita 45 kwa 180 ina uzito wa gramu kama 28. Kwa rangi ya kawaida vuta mililita 28 za hiyo chupa, kwa rangi iliyokolea vuta 56. Tumia sindano ya famasi bila ncha, usikadirie kwa macho. Funga pua na mdomo ukipima unga, na sufuria hiyo isirudi jikoni tena.

Hatua ya 3, kuzungushia. Bomba la inchi 2, urefu futi moja hivi, ninalotumia ni kipande cha stenlesi kilichobaki kwa mafundi wa kuchomelea reli za ngazi, wana vipande vingi na bei ni ya maelewano. Kunja skafu katikati kwa urefu, anza kona moja, izungushe upande upande kwenye bomba, bana na utepe wa karatasi. Zungusha uzi juu yake, nafasi ya nusu sentimita kati ya mzunguko na mzunguko, ukifika kama vidole vinne simama, sukuma kitambaa chote chini kikunjane kama akordioni, endelea tena. Uzi ukilegea mistari inakufa. Ukimaliza funga fundo.

Hatua ya 4. Loweka bomba zima kwenye maji ya uvuguvugu nusu saa. Mikunjo ya ndani ikishashiba maji, rangi inapata shida kuingia, na weupe unabaki mkali.

Hatua ya 5, MOTO NA SIKI. Hapa tulia tusome pamoja. Mwaka wangu wa pili nilipata oda ya skafu sita za kwanjula (sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao), bibi harusi alitaka zambarau ya bilinganya. Nilikuwa na haraka, nikajaza makaa kwenye sigiri, nikamimina rangi na siki yote kwa mpigo, maji yakachemka kabisa na mimi nikaingia ndani kumnyonyesha mtoto. Niliporudi skafu zilikuwa zinarukaruka kwenye sufuria. Zilitoka na mabaka, nje zambarau nyeusi, sentimita moja pembeni rangi imekataa, na ile nuru ya hariri ilikuwa imeondoka, kitambaa kimekuwa na vumbi jeupe ambalo halifutiki. Sio vumbi, ni nyuzi zenyewe zimesuguana ndani ya mapovu zikachanika juu juu. Hairudi hiyo. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu, nikalala saa tisa za usiku siku tatu, oda ikafika, lakini zile sita za kwanza bado ninazo kwenye sanduku na kila mwanafunzi wangu namshikisha ili vidole vyake vijue.

Kwa hiyo fanya hivi. Lita 4 za maji ya uvuguvugu, rangi yako ndani, koroga, alafu siki nyeupe vijiko viwili vya chakula. Laza bomba. Pandisha moto POLEPOLE, ichukue nusu saa nzima kufika digrii 85. Hapo toa bomba, ongeza vijiko viwili vya siki, koroga, rudisha bomba. Siki ndiyo inayofanya rangi ing'ang'anie hariri, ukiiweka yote mwanzoni rangi inarukia sehemu ya kwanza inayoigusa na zingine zinakosa. Shikilia 85 kwa dakika 30, ukigeuza bomba kila baada ya muda. Isichemke. Na kumbukeni huku kwetu tuko juu, maji ya Jinja na Kampala yanachemka karibu na digrii 96, Kabale kama 93, kwa hiyo kutoka 85 mpaka kuchemka ni hatua fupi sana, ukigeuka tu imechemka. Kama huna kipimajoto angalia chini ya sufuria: vipovu vidogo vimekaa chini havijaanza kupanda, mvuke unatoka, hapo ndipo. Makaa yafunike na jivu kama unalalisha matoke.

Sufuria iwe ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka. Aluminiamu na siki havipatani, rangi inafifia.

Hatua ya 6. Maji yakibaki karibu meupe, rangi imeingia yote. Zima, acha ipoe humo humo.

Hatua ya 7. Suuza IKIWA BADO IMEFUNGWA mpaka maji yatoke safi, ndipo ufungue. Ukifungua na rangi ya juu bado inatiririka, inakimbilia kwenye weupe wako.

Hatua ya 8. Osha na shampuu kidogo, suuza ya mwisho weka kijiko cha siki, nuru inarudi. Anika kivulini. Piga pasi ya wastani ikiwa na unyevu.

Basi. Ulizeni.

Kijana wa Busia: Dada asante. Siki naweka kiasi gani na naiweka saa ngapi?

Hariri Jinja: Hatua ya 5.

Kijana wa Busia: Nimeona ni ndefu ndio maana nimeuliza

Hariri Jinja: Ni ndefu kwa sababu ilinigharimu skafu sita. Isome ndugu yangu, dakika mbili tu.

Bi Zuhura: Mwalimu shikamoo. Mimi nafanya batiki ya pamba miaka mingi, nina kostiki soda na haidrosi ndani, si naweza kutumia hizo hizo na hariri nisinunue rangi nyingine?

Hariri Jinja: Marahaba mama yangu, ila kwa batiki wewe ndiye mwalimu. Tafadhali usitumie kostiki. Hariri ni protini, ni ndugu wa nywele, na kostiki inayeyusha nywele, ndiyo maana tunaimwaga kwenye bomba la bafu likiziba. Pamba inavumilia, hariri inaisha ndani ya sufuria unaangalia. Mkono wako wa kukunja na kufunga utakusaidia sana huku, badilisha rangi tu.

Bi Zuhura: Mungu akubariki, nilikuwa nimeshawasha moto.

BodaMbale: Yangu imetoka na doa, nimeitia Jik litoke, sasa imekuwa ya njano na inachanika kama karatasi ya choo. Somo lako halifanyi kazi.

Hariri Jinja: Ssebo, Jik iko hatua ya ngapi? Haipo. Jik inakula hariri kama kostiki. Pole kwa kitambaa, lakini somo langu halijakutuma huko.

BodaMbale: Ungeandika isitumike

Hariri Jinja: Sawa, nimeandika sasa: JIK ISIGUSE HARIRI KABISA. Doa ukilipata, rudia kufunga upande mwingine na utie rangi nyeusi zaidi juu, mara nyingi doa linageuka sehemu ya mchoro.

Nyabo wa Kabale: Nina swali. Nimefanya mara mbili, mzunguko wa nje wa skafu unatoka mkali na ule uliokuwa ndani karibu na bomba ni hafifu sana, mistari haionekani vizuri. Nimekosea au ndivyo inavyokuwa? Uzi ninaotumia ni wa nailoni.

Hariri Jinja: Swali zuri sana hili nyabo. Ni vitu viwili vimekutana. Cha kwanza, tabaka la ndani limefunikwa, rangi inafika imechoka. Tabaka mbili zinatosha, na baada ya dakika 30 suuza, fungua, geuza skafu ile ya ndani iwe nje, funga tena, tia rangi mara ya pili, hata rangi tofauti. Bluu juu ya njano inakupa kijani kwenye makutano, ni kizuri mpaka unakaa unakiangalia tu. Cha pili ni uzi wako. Rangi ya asidi inaingia pia kwenye nailoni, kwa hiyo uzi unakunywa rangi ambayo ilikuwa ya hariri. Angalia uzi wako, bila shaka umekuwa na rangi. Tumia uzi mnene wa poliesta, rangi hii haiushiki, unautumia tena na tena.

Nyabo wa Kabale: Ni kweli! Uzi wangu ni zambarau kabisa, nilidhani ni kawaida. Na kuhusu 93 uliyosema, huku kwetu nishikilie 85 hiyo hiyo?

Hariri Jinja: Hiyo hiyo, au 82, uongeze dakika kumi. Lakini usiondoke karibu na sigiri.

Musa wa Arua: Bomba la plastiki la maji machafu halifai? Stenlesi huku ni shida.

Hariri Jinja: Lile la kijivu linalainika kwenye joto kama hili, linapinda na uzi unalegea, nimeliona kwa mwanafunzi. Tumia chupa nene ya waini, iingize maji yakiwa ya uvuguvugu ipande joto nayo, usiitumbukize kwenye maji ya moto itapasuka. Bomba la chuma cha kawaida usitumie, kutu inaacha madoa.

Musa wa Arua: Na kama sina bomba wala chupa?

Hariri Jinja: Fanya itajime kaka. Kunja skafu kama akordioni, alafu kunja tena pembetatu pembetatu kama sambusa, weka kati ya vibao viwili vinavyofanana, bana na vibanio vya fundi au funga kwa mipira ya tyubu ya baiskeli kwa nguvu zako zote. Sehemu iliyo chini ya kibao inabaki nyeupe. Vibao vichemshe peke yake kwanza, mbao mpya inatoa maji ya kahawia.

Mwanafunzi Mbarara: Dada naulizia, hariri ya hapa hapa Uganda ipo? Nimeona miforosadi imepandwa Sheema wakasema ni ya viwavi.

Hariri Jinja: Ipo, na nafurahi umeuliza. Mradi wa Sheema ni wa viwavi vya hariri kweli, majani ya mforosadi ndiyo chakula chao. Ukipata uzi mbichi usiutie rangi hivyo hivyo, una gundi ya kiwavi, na gundi hiyo ni robo ya uzito hivi. Ichemshe taratibu na sabuni ya mche iliyokunwa mpaka uzi uwe laini na uanze kung'aa, suuza mara nyingi. Pima uzito wa kuhesabia rangi BAADA ya hapo, ukipima kabla utaweka rangi nyingi kuliko inavyohitaji. Ukifanikiwa nitumie picha, kwa kweli natamani kuiona.

Mwanafunzi Mbarara: Nitakutumia. Na maganda ya vitunguu yanafanya kazi?

Hariri Jinja: Yanafanya, na hariri inayapenda. Loweka kwanza kitambaa usiku kucha kwenye maji ya shabu (alum), gramu 3 hivi kwa skafu moja, alafu maganda yachemshe peke yake saa moja, chuja, ndipo uweke skafu iliyofungwa kwa moto ule ule mdogo. Unapata dhahabu mpaka kahawia. Wauza vitunguu sokoni wanakupa maganda gunia zima bure, wanafurahi umewafagilia.

Kijana wa Busia: Dada nimesoma yote sasa. Mikunjo yangu imebaki hata baada ya kukauka, imekuwa kama sketi ya plitsi, pasi naipiga kweli au niiache?

Hariri Jinja: Iache! Wengine wanaitafuta hiyo makusudi. Ukitaka ikae vizuri zaidi, mara nyingine usifungue mapema, acha ikauke kwenye bomba siku mbili baada ya kuisuuza, alafu ufungue. Mwambie mnunuzi asiiloweshe, ikiloa mikunjo inalegea. Hiyo yako ni rangi gani?

Kijana wa Busia: Kijani. Ni ya mama.

Hariri Jinja: Basi usiiguse na pasi. Izungushe kama kamba, ihifadhi hivyo hivyo mpaka umpelekee.