Somo: Kuokoa nyumba ya ibada ya zamani kijijini kabla mvua haijaimaliza

Somo hili ni la wenye msikiti wa tope, kigango (kanisa dogo la kijijini) cha mababu au jengo lolote la ibada huku Tabora na Kigoma ambalo waumini wameshalihama, na sasa ni stoo ya mahindi. Anzeni mvua zikikatika, mwezi wa tano, ili masika mengine yakute paa limefungwa.

Hatua ya 1: Mjue mwenye jengo. Anayetunza funguo si lazima awe ndiye mwenyewe. Mara nyingi jengo liko chini ya bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), na kiwanja ni ardhi ya kijiji. Pateni barua ya wadhamini, pelekeni jambo kwenye mkutano mkuu wa kijiji liingie kwenye muhtasari, kisha kikundi kisajiliwe kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Mkiruka hapa, siku jengo likipendeza wenyewe watajitokeza wengi.

Hatua ya 2: Pima, piga picha, chora. Hapa msiharakishe hata mkikejeliwa kwamba mnacheza na tepu badala ya kufanya kazi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, wanafunzi wa usanifu majengo wa Warsaw, Poland, chini ya Oskar Sosnowski, walizunguka miji midogo wakipima masinagogi ya mbao. Wanazi wakaja wakayateketeza, na Sosnowski mwenyewe akafa vitani 1939. Sehemu ya michoro ikapona. Leo paa na dari yenye nakshi ya sinagogi la Gwoździec vimejengwa upya kwa zana za mkono, vimo ndani ya makumbusho ya POLIN mjini Warsaw. Mafundi hao hawakuwa na jengo la kuigiza, ila vipimo na picha walikuwa navyo. Sisi hatuhitaji vita. Mchwa na mvua za Machi zinatosha.

Tafuteni tepu ndefu, timazi, kamba, daftari la miraba na simu yenye kamera nzuri. Pimeni kila ukuta, urefu na unene, halafu kona hadi kona kwa mshazari, maana majengo ya zamani ni nadra kuwa na pembe sawa. Kwenye kila picha simamisheni fimbo ya mita moja ili ukubwa ujulikane. Wazee nao warekodiwe sauti: udongo ulichimbwa wapi, tofali alifyatua nani, mninga wa fremu ulitoka pori gani. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine iende mbali na hapo.

Hatua ya 3: Zuieni maji. Ukuta wa udongo hauuawi na uzee, unauawa na maji. Paa kwanza. Kisha ondoeni udongo uliorundikana msingini, ardhi iteremke kutoka ukutani, na mchimbe mfereji. Mkiishia hapo kwa kukosa hela, jengo litawasubiri.

Hatua ya 4: Plasta. Najua nitagombana na mafundi, lakini saruji iacheni dukani. Unyevu unaopanda kutoka ardhini unakwama nyuma yake, tofali mbichi zinalainika, na siku moja plasta inabanduka na nyama ya ukuta. Tumieni udongo wa palepale, mchanga na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Loweka siku kadhaa, ukanyagwe vizuri. Jaribuni viraka vidogo kwanza: kikipasuka ongezeni mchanga, kikipukutika punguzeni. Juu pakeni chokaa. Anayezima chokaa avae miwani na glavu, inaunguza macho.

Hatua ya 5: Mbao. Fremu ya mninga ikioza chini, kateni palipooza muunge kipande, msing'oe yote.

Hatua ya 6: Litumike. Kule Mbale, Uganda, Wayahudi Waabayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanasali Sabato kwenye kilima cha Nabugoye na wageni wanapokelewa hapohapo. Madrasa, darasa la watu wazima, chumba cha historia ya kijiji, chagueni wenyewe. Jengo lililofungwa kufuli linaoza haraka.

Maswali ya wanakikundi

*Urambo:* Shikamoo mwalimu. Kigango chetu kiliezekwa bati miaka mingi baada ya nyasi. Turudishie nyasi?

Marahaba. Bati libaki, nalo limeshakuwa sehemu ya historia yenu. Ila liongezwe litokeze nje ya ukuta, maana wengi huezeka kwa kubana bati na mvua inapiga plasta moja kwa moja.

*Ujiji:* Fundi, msikiti una ufa toka juu mpaka chini. Tuuzibe?

Bado. Bandikeni kipande chembamba cha kioo kivuke ufa, andikeni tarehe, mkiache msimu mzima wa mvua. Kikivunjika, ukuta unatembea na tatizo liko msingini. Kama kuna mwembe karibu, chunguzeni mizizi yake pia.

*Sikonge:* Kuna bwana anataka mlango wetu wa nakshi, atupe wa chuma mpya na hela juu.

Msithubutu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi kabla ya 1940. Haiuzwi wala kubadilishwa bila kibali. Mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri, na picha za mlango mziwahishe kwake kabla bwana huyo hajarudi usiku.

*Uyui:* Udongo wa kichuguu unafaa, kaka?

Kwa sakafu ni mzuri sana, unashika. Kwa plasta una mfinyanzi mwingi, hivyo uchanganye na mchanga wa kutosha usije ukapasuka. Na mchukue kichuguu kilichohamwa, msije mkawaletea mchwa paa jipya.