Mgongo wa dereva wa tuktuk

Maumivu yalinianza kalioni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, kama nimeguswa na waya wa stima. Huo ni mshipa wa siatiki: hutoka kiunoni, hupita matakoni, huteremka mguuni.

Kwanza toa pochi mfuko wa nyuma. Yangu ilikuwa nene (risiti, si pesa!), nami kutwa naikalia upande mmoja.

Halafu usijilaze wiki nzima. Mimi nililala siku tatu, nikaamka nimekakamaa kama ng'onda. Tembea kidogo kidogo. Siku hizi kila nikishusha abiria Marikiti nashuka nami, naizunguka tuktuk mara mbili.

Usiku lala ubavu, mto katikati ya magoti. Chupa ya maji moto ifunge kwa leso, iweke kiunoni dakika 15 hadi 20. Mtungi wa lita 20 uinue kwa kukunja magoti, umeukumbatia tumboni.

Kukandwa mafuta ya nazi kulinituliza. Mkandaji alipotaka kunipanda mgongoni, nikakataa.

Lakini ukifa ganzi sehemu za siri, mkojo ukiziba au kukutoka wenyewe, au mguu ukilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo.