Koili ya Homoni kwa Wanawake wa Lamu: Chagua Wakati Kabla ya Kwenda Kliniki

Mwanamke wa Lamu anayetaka kuwekewa koili ya homoni, kifaa cha kuzuia mimba kinachokaa ndani ya mfuko wa uzazi, ana hesabu tatu za kufanya kabla ya kutoka nyumbani: siku zake za hedhi, hali ya bahari, na mwezi wa Ramadhani uko umbali gani. Anayeishi Langoni hufika hospitali kwa miguu, lakini anayetoka Kizingitini au Kiunga atapanda boti, na kusi inapovuma kwa nguvu si wakati wa kuahidi kurudi kukaguliwa baada ya wiki nne hadi sita.

Kabla ya safari, piga simu na uulize kama koili ya homoni ipo, kwa sababu ukitaja "koili" tu unaweza kupewa ile ya shaba. Ya shaba haina homoni, na mara nyingi huongeza damu ya hedhi. Ya homoni huipunguza. Hii ya pili ni kifaa kidogo cha plastiki chenye umbo la herufi T, kilichobeba dawa iitwayo levonogestreli. Ile yenye miligramu 52 huanza kwa kutoa takriban mikrogramu 20 kwa siku ndani ya mfuko wa uzazi, na hutumika kwa miaka 5 hadi 8 kulingana na aina. Dawa hiyo hufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito hata mbegu zisipite, na ukuta wa ndani wa mfuko uwe mwembamba. Katika mwaka wa kwanza, hushika mimba chini ya mwanamke mmoja kati ya 100.

Mweleze muuguzi bila kuficha iwapo unashuku una mimba, unatokwa na damu isiyojulikana sababu, una maambukizi ya nyonga, au umewahi kuugua saratani ya matiti. Ukiwekewa ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze, kinga huanza papo hapo. Ukiwekewa siku nyingine, tumia kondomu kwa siku 7. Aliyejifungua anaweza kuwekewa ndani ya saa 48, au angoje zitimie wiki nne, na kunyonyesha hakumzuii.

Kazi yenyewe huchukua dakika chache. Maumivu hufanana na ya hedhi, ingawa kwa wengine huwa makali, kwa hiyo uliza mapema kuhusu dawa ya kuyatuliza. Baadhi hupatwa na kizunguzungu. Kaa upumzike, wala usikimbilie gatini.

Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ndiyo inayowafanya wengi waitoe koili kabla haijatulia, kwani damu huja kwa matone, ikakatika, ikarudi tena bila mpangilio. Kwa mji wetu hili si jambo la nguo pekee, bali ni la swala na saumu. Katika fikihi ya Shafi, yaani sheria za ibada ambazo wengi hapa huzifuata, hedhi haizidi siku 15, na damu ya istihadha, ile isiyo ya hedhi wala nifasi, haimzuii mwanamke kuswali wala kufunga. Lakini matone yanayokatikakatika yana hukumu za kina. Andika kila siku ya damu katika daftari, kisha umwendee mwanachuoni nalo mkononi. Mimi ningeshauri koili iwekwe miezi sita kabla ya Ramadhani, na sijui kwa nini ushauri huu hautolewi kliniki.

Baadaye damu hupungua sana, na baada ya mwaka karibu mwanamke mmoja kati ya watano huwa haoni hedhi kabisa. Mavyaa atasema damu imejikusanya tumboni. Haijajikusanya: ukuta umekuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Kwa aliyekuwa akipungukiwa na damu kwa hedhi nzito, hiyo ni tiba. Wengine hupata chunusi, kichwa kuuma, matiti kujaa au uvimbe wa maji kwenye ovari, ambao kwa kawaida hutoweka wenyewe.

Koili hutoka yenyewe kwa takriban mwanamke mmoja kati ya 20, na kwa nadra hutoboa mfuko wa uzazi. Basi papasa kila mwezi nyuzi zake zinazotokeza kwenye mlango wa kizazi, na ukizikosa tumia kondomu hadi ukaguliwe. Homa, maumivu makali ya chini ya tumbo, uchafu wenye harufu mbaya, au dalili za mimba havingoji boti ya keshokutwa, maana mimba ikitokea koili ikiwamo, huenda imetunga nje ya mfuko. Kumbuka pia kwamba koili haikingi Ukimwi wala maradhi mengine ya zinaa.

Unapotaka kuitoa, mhudumu huvuta nyuzi tu, na uwezo wa kuzaa hurudi upesi. Tarehe ya kuwekewa na aina ya koili viandikwe kwenye kadi, uihifadhi pamoja na vyeti vya watoto, kwa kuwa atakayeitoa miaka mitano baadaye huenda asiwe yule aliyeiweka.