Kutoka mwaloni hadi baraza la madiwani: mwongozo kwa mvuvi wa Ziwa Victoria anayetaka kugombea

Mvuvi anayetaka udiwani katika kata za Ziwa Victoria upande wa Tanzania ana mtaji ambao wagombea wengi hawana, kwa sababu watu wa mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wanamfahamu kwa kazi yake. Mtaji huohuo unaweza kumwangusha, kwani wanaomfahamu wanajua pia ana mitumbwi mingapi, anadaiwa na nani, na nyavu zake zina macho ya ukubwa gani. Maandalizi yake basi yaanzie kwenye uvuvi wenyewe, miaka kadhaa kabla ya kuchukua fomu.

Anzia kwenye BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo wako. Huko utajifunza kuendesha kikao, kuandika muhtasari, kutunza takwimu za samaki wanaoshushwa na, jambo gumu kuliko yote, kumzuia jirani yako anayevua kwa kokoro au timba, nyavu zilizopigwa marufuku. Kagua zana zako kabla ya kukubali uongozi huo. Kiongozi ambaye mtumbwi wake unashusha sangara wa chini ya sentimita 50 hana atakalosema kuhusu uvuvi haramu, na akisema, wavuvi watanyamaza mbele yake kisha waongee akiisha kuondoka.

Miongoni mwa masharti ya kisheria ni haya: uwe raia mwenye umri usiopungua miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na uwe mwanachama wa chama cha siasa kilichokupendekeza, kwa kuwa sheria hairuhusu mgombea binafsi.

Wengi hupotea kwenye kalenda. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza na hulala mchana, kwa hiyo mkutano wa saa nne asubuhi katika siku hizo utawakosa kabisa. Panga kuonana nao wakati wa mbalamwezi, wanapokuwa nchi kavu wakishona nyavu. Kina mama wanaoanika dagaa wana ratiba nyingine, kwani asubuhi wako kwenye vichanja na hupata nafasi wakishaanua. Nenda kwao kwa wakati wao, usikilize bei, mvua iliyoharibu mzigo, na ushuru wanaotozwa. Zaidi ya hayo, wavuvi huhama kumfuata samaki, na mtu aliyejiandikisha Ukerewe kisha akahamia Goziba hawezi kukupigia kura mpaka aboreshe taarifa zake katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Wakumbushe mapema, zoezi la uboreshaji linapotangazwa, maana wakati wa kampeni utakuwa umechelewa.

Kuhusu fedha, sina budi kusema kwa uzito. Tajiri wa mitumbwi au wakala wa kiwanda cha minofu anayekulipia kampeni anatarajia kitu, na mara nyingi kitu hicho ni doria isiyofika kwake. Andika kila mchango unaoupokea. Usigawe petroli ya mashine za mitumbwi wala nyavu kwa wapiga kura, kwa kuwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza zawadi za kushawishi kura, na kwa sababu mvuvi aliyenunuliwa kwa lita chache hatakuwa na nguvu ya kukuuliza ulichofanya.

Ukishinda, tamko la mali na madeni litapelekwa Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Orodhesha humo mitumbwi, mashine na mikopo yote, hata ile ya mdomo baina yako na wakala. Halmashauri inapojadili ushuru wa samaki nawe bado unavua, tamka maslahi yako kabla ya mjadala kuanza. Hoja inayostahili kuwa ya kwanza kwako ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: uliza vikundi vya waanika dagaa vimepata kiasi gani, na majibu uyapeleke mwaloni wewe mwenyewe. Kama ulikuwa kiongozi wa BMU, kabidhi vitabu vya fedha kwa maandishi mbele ya mkutano wa wanachama, ukiacha nakala kwa ofisa uvuvi wa kata.